Kiambishi

Fomu waliyoniletea ilikuwa na mstari: Taaluma.
Nikaandika: mkalimani, hospitali, miaka ishirini na sita.
Nikafuta. Nikaandika tena, kwa wino safari hii.

Kutoka Sib hadi Nizwa, Alhamisi, nyuzi arubaini na nne,
milima pande zote haina hata unywele wa jani,
nami nyuma ya usukani najizoesha
kutamka "ontolojia" bila ya kucheka.

Chumba chao kiko juu ya duka la mshona kanzu.
Mlangoni makubadhi, raba,
na jozi moja ya viatu vya ofisi, visigino vimekanyagwa.
Ndani: Muhanna, aliyesoma mantiki hadi nywele zikamhama;
Sreeja wa Kerala, anayefundisha mashine kusoma picha za mapafu;
Zuwaina, msichana wa juzi, shahada ya falsafa, kazi ya benki;
na wengine saba ambao majina yao sijayashika.
Dele la kahawa. Halua kwenye sahani ya plastiki.
Katikati ya meza, kompyuta, kifuniko wazi.

Walibishana kwa Kiarabu, Kiingereza kikiziba nyufa:
je, mna ufahamu mle, au mna majibu tu?

Mgeni siku mbili, wasema; mimi jembe nilipewa saa ya kwanza.
"Nyinyi Waswahili," akauliza Muhanna, "hulisemaje hili?"

Nikafungua kinywa, nikakwama.
Kwetu huwezi kutaja tendo
kabla hujaamua mtendaji ni wa kundi gani.
Imesema, au amesema?
Kitenzi hakitoki nje bila kiambishi,
kama bibi yangu asivyotoka bila buibui.

Nikawaambia: mtu na kitu shina lao moja, -tu,
silabi ndiyo inayowatenga.
Nzi, amekufa. Kiziwi, kipofu, kijana
wamevaa ki- lakini huitwa a-.
Shetani a-. Marehemu bado a-, miaka hamsini kaburini.
Maiti ndipo tunaposita: amelala, imelala,
yategemea nani analia.

Wodi ya saba, daktari alisema neno moja la Kiingereza,
nami nikawa na mawili ya kuchagua,
mama wa mtoto akinitazama mdomo.
Nilichagua a-.
Sikuuliza kamusi, wala sijajuta.

Sreeja akakiweka kikombe chini taratibu.

"Na jina lake?" akauliza Zuwaina.
Wengine husema akili unde, wengine mnemba.
Mimi nimekua na bandia.
Bibi alinishonea mtoto wa bandia kwa kipande cha kanga,
macho vifungo, tumbo sufi.
Nilimwogesha. Nilimfunika asipate baridi ya kiyoyozi.
Nilijua fika ni sufi, na kila usiku nikasema: amelala.
Penzi lile nalo lilikuwa bandia?

"Hiyo si hoja," akasema Muhanna.
Sikusema ni hoja.
Ila yule wangu hakunijibu hata siku moja,
na hapa mezani mna majibu, tena yenye adabu,
ndiyo maana nauogopa wepesi wa ulimi wangu.

Zuwaina akavuta kibodi, akachapa swali kwa Kiswahili cha nyumbani kwao:
Wewe ni mtu au kitu?
Maneno yakatiririka kiooni: Ninafikiri kwamba…
Nikacheka peke yangu, ikabidi nieleze.
Ni-, mabibi na mabwana!
Kiambishi pekee kisichouliza ngeli.
Nyuma ya ni- hujificha yeyote, chochote,
hata mimi.

Wakaniandika wa kumi na moja.
Wakanipa daftari la kumbukumbu, niandike ya kikao,
na halua iliyobaki, nile huku naandika.

Tuli…uliza, niliandika. …kajibu.
Nikaacha mapengo, upana wa herufi mbili.
Muhanna alichungulia begani kwangu akadhani kalamu imekwisha,
akanipa yake.